Mrejesho: nimemlipa mama wa Kizungu pauni 40 aje kunisomea tabia za panya wangu

Pauni 40. Ndo hela iliyonitoka ili mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, aje sebuleni kwangu hapa Milton Keynes, Uingereza, avue viatu, akae chini kwenye kapeti awaangalie panya kwa saa moja na nusu. Wife aliponisikia nikitaja bei akauliza umesema pauni au shilingi, nikamwambia pauni, akaingia jikoni na nikaanza kusikia sufuria zinawekwa kwa nguvu kuliko kawaida. Nawaelewa wote mtakaocheka. Ila hela yangu siijutii na naeleza kwa nini, pamoja na yaliyonikera maana yapo.

Kwanza ilikuwaje nikawa na panya. Binti yangu ana miaka tisa, alitaka mbwa, mkataba wa nyumba unakataza mbwa na paka, akataka sungura, bustani hatuna, basi Jumamosi moja tukaingia duka la wanyama, moja ya yale makubwa ya pembeni ya mji, jina naliacha, tukatoka na panya wawili kwenye boksi la karatasi lenye vitundu. Mi nimekulia Kihonda, Moro, panya kwangu ni mtu wa kutegewa, ni yule anayekung'ata kisigino usiku huku anapuliza usisikie, leo namlipia na risiti napewa! Nilipompigia mama kumwambia mjukuu wake kapata panya wa kufuga alinyamaza mpaka nikaangalia simu nikidhani imekata, halafu akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huko kazi zinaenda vizuri?"

Kijana wa dukani alitupa somo la dakika tatu. Wote madume, wote wapole, wana kama wiki saba, wanakula hiki, wanalalia maranda haya ya mbao, kila wiki osha tundu, asante karibu tena. Akawachota mmoja mmoja kama anapima viazi. Yule mweupe mwenye macho mekundu alijisaidia hapo hapo mkononi kwa woga, kijana akasema atazoea. Binti akawaita Karanga na Ubuyu. Karanga ni yule mwenye kichwa na mabega ya kahawia kama kavaa kofia ya kanzu, tumbo jeupe. Ubuyu ndo mweupe.

Miezi mitano ya kwanza shwari. Ya sita ikawa balaa.

Karanga alianza kung'ata. Siyo kudonoa, kung'ata, jino likaingia kwenye kidole changu cha shahada mpaka nikauona weupe wa ndani, na huyu hakupuliza kabisa jamani. Wife akambatiza Panya Road, jina la lile genge la vijana wakabaji wa Dar, na akapiga marufuku tundu kufunguliwa yeye akiwa sebuleni. Wakati huo huo Ubuyu naye ana vituko vyake, anasimama anayumbisha kichwa kushoto kulia kushoto kulia kama mtu aliyetoka kilabuni, halafu siku nyingine akiwa amekaa zake kwa binti anasaga meno krr krr krr na macho yanatoka nje yanarudi yanatoka yanarudi, haraka haraka, usiombe uone mara ya kwanza. Wife akasema hii ni degedege. Kilichomaliza kabisa ni asubuhi tulipomkuta ana machozi mekundu, mekundu ya damu, yameganda puani na pembeni ya jicho.

Nikaingia kwenye vidio. Ya kwanza inasema akisaga meno ana furaha, ya pili inasema akisaga meno ana maumivu makali, wote wawili wanaongea kwa uhakika kama manabii. Nikapiga simu dukani, wakaniambia mlete huyo mkali tukubadilishie. Tukubadilishie! Kama shati lililobana. Binti alikuwa amesimama pembeni na alisikia, alilia usiku ule mpaka akatapika.

Kadi ya huyu mama niliikuta kwenye ubao wa matangazo kwa daktari wa wanyama nilipompeleka Ubuyu kuangaliwa macho. Imeandikwa kwa mkono, inasema anasaidia watu kuelewa tabia za panya wa nyumbani, amefuga zaidi ya miaka thelathini, anakuja mpaka nyumbani. Nikasema haya ndo mambo ya Wazungu sasa. Nikapiga.

Kwenye simu tu alinipa masharti mawili ambayo nilidhani ni ya mganga. La kwanza, nisisafishe tundu siku mbili kabla hajafika. La pili, anakuja jioni tu, kuanzia saa moja, kwa sababu panya wa mchana ni panya aliyeamshwa na mtu akiamshwa usingizini huwezi kumjua tabia. Nikaona huyu anajua kitu.

Alichelewa dakika arobaini. Hakuna meseji, hakuna simu, na mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Alipofika hakuomba radhi sana, akasema barabara. Basi akavua viatu bila kuambiwa, hapo wife akalainika kidogo, akakataa chai, akakaa chini mita moja kutoka kwenye tundu. Akanyamaza. Dakika ishirini nzima hasemi kitu, anaandika andika kwenye kijidaftari, mimi nimesimama nahesabu, pauni saba zimekwenda, pauni nane. Binti alitaka kumwelezea historia yote akamwekea kidole mdomoni kwa tabasamu akamwonyesha akae naye. Wakakaa wawili kama wanaangalia mpira.

Swali lake la kwanza baada ya ukimya ule lilikuwa kwangu. Huwa mnawapitishia chakula kwenye nyavu? Nikasema ndiyo, biskuti, zabibu, kipande cha chapati, kila mgeni akija anapenda kuona. Akanyoosha kidole chake nje ya nyavu, siyo ndani, nje tu, Karanga akaja mbio na mdomo wazi. Akauliza tena, sasa huyu akiona kitu kinaingia kati ya nyavu atajuaje kwamba safari hii ni kidole? Panya haoni vizuri, ananusa, na vidole vyenu vinanuka chapati. Hapo nikajua nimejipalia makaa mwenyewe. Akasema hiyo ya nyavuni ni kosa la mpokeaji mizigo tu, dawa yake ni kuacha kabisa leo hii, chakula kitoke mkononi mlango ukiwa wazi.

Ila akasema kidole cha shahada hakikuliwa kwenye nyavu, sivyo? Kweli, nilikuwa nimeingiza mkono kutoa bakuli. Akafungua mlango, akatoa kwenye mkoba wake kitambaa kimoja kichakavu ambacho panya wake wa nyumbani wanalalia, akakiweka mlangoni mwa tundu. Naomba niielezee hii taratibu maana ndo niliyolipia. Karanga alikinusa sekunde mbili tu. Manyoya yakaanza kusimama, kuanzia kiunoni kupanda mgongoni, mpaka mnyama akaonekana mkubwa mara moja na nusu. Akageuka ubavu, akawa anatembea kiubavu ubavu kama kaa wa Ferry, mgongo umepinda. Mkia ukaanza kupiga chini, polepole, upande huu upande huu. Halafu akatoa sauti ya pumzi, fff, kama mtu anayezima mshumaa. Akalala juu ya kile kitambaa akakisugua kwa ubavu na kukimwagia mkojo. Mama hata hakutikisika, akamwambia binti, umeona, hajaogopa hata kidogo, anayeogopa angerudi nyuma.

Na hapo ndo akatupa somo ambalo kila mtu mwenye panya anapaswa kulipata bure dukani. Panya mwoga anang'ata akiwa amebanwa, kwenye kona, kwenye kijumba chake, mara nyingi analia kwanza, anadonoa na kukimbia. Panya wa homoni anakufuata. Kavimba, hana kelele, anang'ata kwa kina. Madume wengine wakifika kama miezi mitano sita mpaka mwaka homoni zinapanda na wanakuwa hivyo, halafu mkono wako uliotoka kushika panya mwingine au hata uliopakwa losheni mpya unaingia kwenye nyumba yake kama mwizi. Karanga ni wa aina hiyo. Dawa ni kumhasi, baada ya hapo usubiri wiki kadhaa homoni zishuke, usitegemee muujiza kesho yake.

Mimi nikauliza kwani hawa wakipigana si ni kawaida, maana kila usiku wanasimama kwa miguu ya nyuma wanarushiana mikono kama mabondia wa Manzese, mmoja anamlaza mwenzie chali, kelele, halafu wanalala pamoja. Akasema angalia wanalenga wapi. Wakicheza wanakimbilia shingoni, kisogoni, pua inazama kwenye manyoya ya shingo na hakuna jeraha. Wakipigana kweli meno yanakwenda nyuma, mgongoni karibu na mkia, ubavuni. Akamchukua Ubuyu kwa mikono miwili, chini ya kifua na chini ya makalio, siyo kama viazi, akapuliza manyoya ya kiunoni yakafunguka. Vigaga vinne. Vidogo, vimekauka, huwezi kuviona bila kupuliza. Miezi yote ile nilikuwa nasema wanacheza.

Kwa hiyo Ubuyu alikuwa anaonewa ndani ya nyumba yake na mimi niko sebuleni naangalia ligi. Hiyo iliniuma.

Yale mengine ya Ubuyu akayamaliza haraka. Kuyumba kichwa siyo ulevi wala kizunguzungu, panya wenye macho mekundu hawana rangi ya kuzuia mwanga ndani ya jicho, wanaona vibaya kuliko hata hao wengine, kwa hiyo anasogeza kichwa ili kujua kitu kipo karibu au mbali. Kusaga meno na macho kutoka nje ni jambo moja, msuli wa taya wa panya unapita nyuma ya jicho, akisaga meno kwa kasi msuli unasukuma jicho, basi. Mara nyingi ni raha, ni kama paka anavyokoroma ukimkuna. Lakini yule wa vidio ya pili naye hakudanganya, panya mwenye maumivu anasaga meno pia. Akamwambia binti angalia mwili wote: kama amekaa kama mpira, macho nusu, manyoya yamekaa ovyo, hataki kula, huyo mpeleke hospitali leo hii na siyo kesho, kwa sababu panya anaficha ugonjwa mpaka dakika ya mwisho. Kama amejimwaga kwenye paja lako, masikio yamelegea, mpe sekunde tano zaidi za kumkuna.

Yale machozi ya damu ndo yalileta sinema. Alitoa katochi kadogo ka mwanga wa zambarau, kama zile za madukani za kukagulia noti feki, akaomba tuzime taa. Akafuta pua ya Ubuyu kwa tishu nyeupe yenye maji, akaimulika, doa likawaka rangi ya waridi. Damu haiwaki hivyo. Inaitwa pofirini, inatoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, kila panya anayo kidogo na anajifutia mwenyewe, ikizidi mpaka unaiona maana yake kuna kinachomsumbua, msongo au kifua au vumbi. Akanusa maranda yetu. Msonobari. Akasema toa yote leo, hayo yana harufu kali na vumbi, yanamchoma njia ya hewa, weka karatasi au kitambaa. Halafu akamweka Ubuyu sikioni kama anapokea simu, kweli kabisa, ubavu wa panya kwenye sikio, akasikiliza kifua. Hakuna mluzi. Akampa binti naye asikilize. Akatuambia panya wengi sana wana vijidudu vya kifua toka wakiwa wadogo, wanakaa kimya mpaka siku mnyama akichoka au akisumbuliwa, kwa hiyo kila Jumapili tumsikilize.

Sasa kabla hajawasha taa, sijui shetani gani alimpitia, akazungusha ile tochi sebuleni. Mkojo wa panya nao unawaka. Jamani. Kapeti lilikuwa na vinjia vya nukta nukta kutoka kwenye tundu mpaka dirishani, kama ramani ya mabasi, na sofa, sofa ya wife aliyoilipia kwa awamu miezi kumi na nane, mkono wa kulia wote unawaka, mto mmoja unawaka, na kitambaa cha kusuka ambacho mama yake alimtumia kutoka Tanga kinawaka katikati. Mama wa watu anafurahi, anaeleza kwamba dume anaacha matone kila anapopita, ndo namna yake ya kuandika jina lake, hapa ni pangu, hapa nilipita jana. Wife alikuwa amesimama mlangoni. Alisoma jina lote.

Hilo nalihesabu kama kasoro ya huduma. Kuna mambo mteja anaambiwa faragha.

Kasoro nyingine. Katikati ya maongezi aliniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akauliza eti kwenu si mnakula panya? Nikamjibu kusini kwetu wapo wanaokula wale wa porini na ni kitoweo kizuri tu kwao, mimi binafsi natokea mji ambao panya wanapewa kazi. Akanitazama. Nikamwambia Magawa. Uso wake ukabadilika kama nimemtajia mtoto wake, anamjua! Anajua kwamba alizaliwa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, mwaka 2013, akafundishwa kunusa mabomu na shirika la APOPO, akapelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71, na kwamba 2020 wale wa PDSA, shirika la hapa Uingereza la kutibu wanyama, walimpa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata toka waanze kutoa. Alikufa Januari 2022. Hata uzito wake alikuwa nao kichwani, kilo moja na robo hivi. Akanirekebisha kwa adabu kwamba Magawa ni panya buku, aina nyingine kabisa yenye mifuko mashavuni, anaweza kufika miaka minane, wakati hawa wangu ni wazao wa panya wa mtaroni wa Ulaya na wakifika miaka mitatu tushukuru. Mimi mtu wa Moro nafundishwa panya buku na bibi wa Buckinghamshire. Sawa.

Lakini hapo tukapata maongezi mazuri kuliko yote, maana nilimuuliza hivi tabia ya panya ni ya kuzaliwa au ya kufundishwa. Akasema vyote. Kule Novosibirsk, Urusi, toka miaka ya 1970 wamekuwa wakichukua panya pori na kuwagawa makundi mawili, wapole wanazaa na wapole, wakali na wakali, mpaka leo kundi moja linakuja mkononi na jingine linarukia nyavu. Kwa hiyo damu ipo. Halafu kuna utoto. Akasema ndo maana hao wa kwenu Morogoro wanaanza kushikwa wakishafungua macho tu, wanabebwa, wanasikilizishwa magari na kelele za watu, kabla hata ya kuanza kufundishwa harufu. Hawa wa dukani wamekaa kwenye boksi mpaka wiki ya saba hawajashikwa na mtu isipokuwa siku ya kuuzwa. Ubuyu hakuzaliwa mwoga, akasema, hakuna aliyemwambia mkono ni nini. Tena akaongeza kwamba hapo jirani Aylesbury ndo mwanamke mmoja anaitwa Mary Douglas alipeleka panya wake kwenye maonyesho ya panya wadogo mwaka 1901 na kuondoka na ushindi, kwa hiyo kufuga panya ni jambo la maeneo haya toka zamani, nisione aibu. Kiukweli aibu ilipungua.

Alichotupa kufanya ni hiki. Karanga akahasiwe, na mpaka wiki tatu baada ya hapo akae tundu la jirani, waonane wasifikiane. Ubuyu apewe mtindi kwenye kijiko, kijiko na siyo kidole, kwa sababu mtindi unalambwa, hauwezi kuunyakua na kukimbia nao, analazimika kusimama hapo hapo na wewe upo. Kila siku kijiko kinasogea karibu na mkono. Na tusioshe tundu lote kwa mpigo, tuache kitambaa kimoja chenye harufu yao, kwa sababu kila tukisafisha kwa dawa na kuondoa harufu yote tunawafutia hati ya nyumba na wanaanza kugombana upya nani mwenye nyumba. Aibu yangu, mi ndo nilikuwa napiga jiki kila Jumamosi.

Akaahidi ripoti ya maandishi kwa imeli ndani ya siku mbili. Ilikuja baada ya siku tisa, na ilikuwa mistari minne, mmoja wapo unasema "kama tulivyoongea". Pia alisema Ubuyu atapanda mkononi baada ya wiki mbili. Ilichukua sita. Kuhasi kulinigharimu pauni 110 kwa daktari, hiyo siyo lawama yake ila mjue, pauni 40 ni kiingilio tu.

Wiki ya tano alirudi kwa pauni 20 kuwakutanisha tena. Hawakutanishwi kwenye tundu la mmoja wao, tuliwaweka kwenye sinki la kuogea, bafu kavu, taulo chini, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuandika jina. Yeye kashika taulo tayari. Karanga akasogea, binti kanibana mkono, manyoya yakabaki yamelala. Akamnusa mwenzie nyuma, akamlaza chali, akaanza kumsafisha shingo kwa nguvu, Ubuyu analalamika kwii kwii, nikataka kuingilia, mama akanishika mkono akasema huyo ni mwenye nyumba anakagua nyumba, mwache amalize. Akamaliza. Wakakaa wote kona moja ya bafu wakijilamba.

Halafu akatoa kile alichotuahidi mara ya kwanza akasahau kuja nacho, kifaa cha kusikilizia popo, kinachoshusha sauti za juu mno mpaka sikio la mtu lizisikie. Panya akicheza anatoa sauti ya juu mno, kama kilohezi 50, sikio la mtu linaishia kama 20 kwa hiyo hatusikii chochote, na akiwa na hofu anatoa nyingine ya chini kidogo, 22, nayo hatuisikii. Kuna mwanasayansi wa Marekani, Jaak Panksepp, ndo aliyewatekenya panya maabara miaka ya 1990 akagundua wanatoa hizo za 50 na wanaufuata mkono uliowatekenya ili watekenywe tena. Akampa binti akamwambia tekenya kisogo cha Karanga, vidole haraka haraka, uache, urudie. Mimi roho mkononi, maana ni Karanga huyo huyo wa kidole changu. Kifaa kikaanza chrrp chrrp chrrp kama mafuta ya moto yakipokea kitunguu. Binti akaacha, kikanyamaza. Karanga akamfuata mkono kwenye kona ya bafu, akaugonga kwa pua, na kabla hajaguswa kile kifaa kikalia tena.

Binti aliniangalia. Sikusema kitu, nilikuwa natafuta pa kuangalia.

Basi, kwa anayetaka huduma ya namna hii: anapokea keshi tu, maegesho tafuta mwenyewe maana atakuuliza, kama mmeishi na maranda ya msonobari toeni kabla hajafika muokoe dakika kumi za kusemwa. Wanaume wenzangu, mwambieni mapema asizungushe tochi. Nampa nyota nne. Duka halipati hata moja kwangu, ila kijana yule simlaumu sana, na yeye hakufundishwa.

Wife bado hamwiti Karanga kwa jina, anamwita yule mwenzako. Kitambaa cha Tanga kimefuliwa mara tatu, kipo kabatini. Jana usiku nilishuka kunywa maji nikamkuta amekaa chini mbele ya tundu, taa imezimwa, kijiko cha mtindi mkononi. Nikarudi juu kimya kimya.